Mwenye Duka Ana Mizani, Hana Hoja

Mmeshamsikia mwenye duka. Chumvi ikilowa, kostiki ikipelea, chokaa ikiganda mfukoni, mkosaji ni mmoja: hewa. Hoja zake ni tatu. Pimeni nyinyi.

Ya kwanza: kitu kikiachwa wazi, hewa hukila, kwa hiyo lazima kipungue. Kwa nafthalini ya kabatini nakubali: kidonge hugeuka mvuke moja kwa moja hadi kikaisha. Spiriti nayo huruka. Ila yeye kanuni hii anaitolea kostiki, kitu ambacho kwa heri yake asingekitaja. Weka chembe chache kwenye kisosi wakati wa masika (usizishike kwa mkono!). Chai yako haijapoa, zimeshaanza kung'aa. Ukirudi baadaye zimelala kwenye dimbwi lao wenyewe. Maji hayo yametoka hewani. Kopo lililokaa wazi huzidi uzito. Kilo ikipelea gramu mia, aulizwe aliyeshika kijiko.

Ya pili: hewa haina uzito, hivyo haiwezi kuongeza kitu. Basi hizo gramu ilizokula imeziweka wapi? Mita moja ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.2. Jean Rey, Mfaransa, aliandika mwaka 1630 kwamba bati likichomwa huzidi uzito kwa sababu ya hewa. Mkemia Lavoisier naye alilichoma ndani ya chupa iliyozibwa: uzito wa jumla haukubadilika mpaka alipoizibua, hewa ikaingia.

Ya tatu ndiyo ya kijanja: kinachoongezeka ni unyevu tu, anika kitarudi kama kilivyokuwa. Kumbe kitu huongezeka! Hoja mbili za kwanza amezizika mwenyewe. Kwa chumvi yuko sawa: iliyo safi huanza kulowa unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na jua huirudisha. Lakini chokaa iliyozimwa hunyonya hewa ukaa ikawa jiwe. Gramu 74 hutoa maji gramu 18, na bado huishia kuwa 100. Hayo maji yametoka, si yameingia. Stilwaya ya kusugulia sufuria nayo, gramu 112 za chuma zikiliwa zote na kutu huwa 160, bila kuhesabu tone la maji. Ianike hadi Idi, haitarudi kuwa chuma.

Ombi letu kwake ni dogo: afunike makopo, na mizani aigeuzie upande wa mteja.