Mlitaka Staa wa Pili, Mkampoteza Mtu Sahihi

Tusidanganyane wadau. Kila dirisha la usajili NBA likifunguka, mitandaoni wimbo ni mmoja: "Jamaa yuko peke yake, mleteeni mtu!" Na mkisema "mtu" mnamaanisha jina. Jina lenye wafuasi mamilioni, jezi zinazouza, video za kuposti. Leo nasema wazi, hata mkija kunishambulia huko chini: akili hiyo hiyo ndiyo iliyomla Giannis Antetokounmpo miaka yake mitamu pale Milwaukee.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2019 Bucks wanaongoza 2-0 dhidi ya Toronto kwenye fainali ya Mashariki, wakapigwa nne mfululizo. Kila mtu aliona kilichotokea. Walimjengea Giannis ukuta. Akiingia ndani anakuta watu watatu wanamsubiri, kushuti kwa mbali siyo fani yake, na mitupo huru nayo mtihani. Mwaka uliofuata Miami wakarudia dawa ile ile, 4-1, kwaheri.

Hapo Bucks wakajiuliza swali la maana: huyu mtu wetu anakosa nini? Wakamfuata Jrue Holiday, Novemba 2020. Walitoa Eric Bledsoe, George Hill na chaguo tatu za raundi ya kwanza za drafti. Bei kubwa hiyo, tena kwa mtu aliyekuwa amecheza All-Star mara moja tu, 2013 huko. Hana makeke, hana kelele. Ila anakaba mpaka unaona huruma.

Nenda katazame mechi ya tano ya fainali 2021 dhidi ya Phoenix. Bucks wako mbele kwa pointi moja, sekunde zinaisha, Devin Booker anaingia ndani kwenda kumaliza kazi. Jrue akamnyang'anya mpira mkononi kabisa! Sasa sikiliza. Mtu mwingine pale angeukumbatia mpira asubiri kuchezewa faulo. Yeye kanyanyua kichwa, kamwona Giannis anakimbia, kamrushia juu, danki, imeisha hiyo. Mechi iliyofuata Giannis akapiga pointi 50, mitupo huru 17 kati ya 19, na Milwaukee wakabeba ubingwa ambao hawakuugusa tangu 1971.

Na msimsahau Khris Middleton, aliyepiga 40 kwenye mechi ya nne ya fainali hizo hizo. Huyu alikuja Milwaukee 2013 kama nyongeza kwenye dili la kubadilishana wachezaji na Detroit. Nyongeza! Leo angeletwa mtu wa hivyo mngeandika "hii timu haiko siriazi".

Basi 2023 wakamaliza vinara wa Mashariki, wakatolewa na Miami raundi ya kwanza, huku Giannis mwenyewe akiwa ameumia mgongo mechi ya kwanza tu. Presha ikapanda. Giannis naye akaongea na gazeti kwamba hasaini mpaka aone kila mtu anataka ubingwa kama yeye. Septemba hiyo, viongozi wakamchukua Damian Lillard, na kwenye dili hilo Jrue akaondoka.

Mitandao ililipuka siku ile. Nakumbuka, maana na mimi nilikesha kusoma. Picha za Giannis na Dame zimeunganishwa, pete zimeshagawiwa kabla hata ya mazoezi.

Lillard ni hatari, hilo halina ubishi. Mtu amewahi kupiga pointi 71 kwenye mechi moja, unamwambia nini? Lakini swali halikuwa nani anafunga zaidi. Giannis alikuwa na mtu wa kumkaba mshambuliaji mkali wa wapinzani ili yeye awe huru kuzurura nyuma na kufuta makosa. Ukamtoa huyo, ukaleta mtu ambaye kila timu inamtafuta imshambulie. Kilichofuata? Januari 2024 kocha Adrian Griffin kafukuzwa akiwa ameshinda mechi 30 na kupoteza 13! Ushindi upo, ila ulinzi ulikuwa unavuja kama paa la makuti mabovu.

Mtasema majeraha. Sawa, nakubali. 2024 Giannis hakugusa mechi hata moja ya mtoano dhidi ya Indiana, na 2025 Lillard alikatika mshipa wa kisigino dhidi ya Indiana hao hao. Hiyo ni bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa. Ila msitumie kisigino cha mtu kuficha hesabu iliyokosewa tangu siku ya kwanza. Jrue yeye alipelekwa Portland, Portland wakamsukumia Boston ndani ya siku chache, na Juni 2024 akavaa pete nyingine. Umempa mpinzani wako wa ukanda mmoja kufuli la mlango wako mwenyewe.

Denver waliochukua ubingwa 2023 hamkuwaona? Mwenzake Nikola Jokić alikuwa Jamal Murray, kijana ambaye mpaka siku ile hajawahi kuitwa All-Star hata mara moja. Jokić anasimama kumzuia beki, Murray anapita, au anaurudisha mpira, au anashuti. Wamecheza hivyo miaka mpaka wanaelewana bila kuongea. Hakuna aliyewapigia kelele za "staa wa pili" siku ile pete zinatoka.

Sasa cheki mwisho wa sinema ya Milwaukee. Julai 2025 wakavunja mkataba wa Lillard, na zaidi ya dola milioni 110 anazowadai zikatandazwa kwenye hesabu zao kwa miaka mitano. Kila msimu milioni 22 na ushee zinakula nafasi ya kusajili, kwa mtu ambaye hayupo. Dame karudi zake Portland. Na majira hayo hayo Boston wakamuuza Jrue. Wapi? Portland hapo hapo.

Haya, tajeni jina lingine.