Mizani ikivunjika njiani, mnunuzi ndiye anayepanga bei

MFUGAJI nyuki wa Rungwa, mkoani Singida, anaweza kuvuna asali iliyoiva, akaichuja vizuri na kuifunga kwenye ndoo safi, kisha akapoteza faida yake kwa sababu ya kifaa kimoja kilichogongwa njiani. Kifaa hicho ni mizani. Mizani ya kikundi ikiharibika, kinachobaki ni mizani ya mnunuzi, na mwenye mizani ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Hasara yake si ndogo. Tuchukue mfano wa kikundi kinachouza kilo 500 za asali. Mizani ikipunguza kilo moja katika kila kilo 20, kikundi kitalipwa pungufu ya kilo 25. Kwa bei ya mfano ya Sh 8,000 kwa kilo, hizo ni Sh 200,000 zilizopotea kwa siku moja, na hakuna aliyeziona zikiondoka.

Kuacha mizani na kuuza kwa ndoo si suluhisho. Asali ni nzito kuliko maji, hivyo ndoo ya lita 20 ikijazwa asali iliyoiva hubeba takriban kilo 28. Anayedhani ndoo hiyo ni kilo 20 humpa mfanyabiashara kilo nane bure.

Kifaa cha pili kinachompa mfugaji nguvu ya kujadili bei ni kile cha kupima kiwango cha maji kwenye asali. Viwango vya chakula vya kimataifa vya Codex vinataka maji katika asali ya kawaida yasizidi asilimia 20, kwa kuwa yakizidi huwa rahisi asali kuchacha. Mnunuzi akisema asali ni nyepesi ili ashushe bei, kipimo hicho humaliza ubishi. Lakini kina kioo kidogo ambacho kikikwaruzwa na mchanga, usomaji wake hautaaminika tena.

Vumbi na makorongo

Rungwa, jirani na Pori la Akiba la Rungwa, ipo kwenye barabara inayotoka Mkiwa kupitia Itigi na Noranga hadi Makongolosi, wilayani Chunya, umbali wa kilometa 413. Barabara hiyo imepangwa kujengwa kwa lami kwa awamu, lakini msafiri wa sehemu za udongo bado hukutana na vumbi jingi wakati wa kiangazi, na matope na makorongo wakati wa masika.

Kwa miaka mingi wengi walifunga vifaa vyao kwenye mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019. Hata kabla ya hapo, mfuko ulizuia mvua kidogo tu, haukuzuia kishindo cha lori wala uzito wa gunia lililowekwa juu yake. Ndiyo maana masanduku ya plastiki ngumu, yaliyokuwa yakionekana zaidi kwa mafundi, wapiga picha na wapima ardhi, sasa yana maana kwa vikundi vya wafugaji nyuki na wafanyabiashara wadogo.

Masanduku hayo si kitu kipya. Kampuni ya Pelican ya California, Marekani, inayojulikana sana kwa bidhaa hizo, ilianzishwa mwaka 1976. Leo yapo ya viwanda vingi, na kwa macho yanafanana. Tofauti zake hujitokeza safarini.

Mambo ya kukagua dukani

La kwanza ni mpira unaozunguka ukingo wa kifuniko. Bila mpira huo, sanduku ni kasha la kawaida tu. Mnunuzi aweke kipande cha karatasi kwenye ukingo, afunge, kisha akivute. Kikitoka kwa urahisi, mpira haubani. Arudie pande zote nne, kwa kuwa mara nyingi tatizo huwa upande wa bawaba.

La pili ni alama. Masanduku mengine huandikwa herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya juu kabisa ni 6, maana yake vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji. IP67 humaanisha kuwa vumbi haliingii, na sanduku huhimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha meta moja kwa dakika 30. Kwa Rungwa tarakimu ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu sanduku litakutana na vumbi mara nyingi kuliko litakavyotumbukia mtoni. Hata hivyo alama inaweza kubandikwa na yeyote, hivyo jaribio la karatasi lisiachwe.

La tatu ni plastiki yenyewe. Namba 5 ndani ya pembetatu ni polipropilini, na namba 2 ni polithini nzito. Zote mbili hazivunjiki ovyo na hazishambuliwi kirahisi na kemikali. Lakini jua huzifanya zikauke na kupasuka kama hazikuchanganywa na dawa ya kuzikinga. Rangi nyeusi husaidia kuzuia uharibifu huo, ingawa hufyonza joto zaidi, hivyo sanduku jeusi lisiachwe juani likiwa na simu au betri ndani.

La nne ni vifungio na bawaba. Vyuma vya bawaba vinavyopita kwenye plastiki kutoka mwanzo hadi mwisho hudumu kuliko bawaba ya plastiki nyembamba inayokunjwa kila siku.

Aidha, sanduku lisilopitisha hewa linapaswa kuwa na kitundu maalumu cha kusawazisha mgandamizo wa hewa. Likifungwa Mbeya, meta zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kufikishwa Dar es Salaam, hewa ya nje hulibana hadi kifuniko kikawa kigumu kufunguka.

Sponji ndiyo inayobeba kishindo

Wengi hutazama ugumu wa sanduku na kusahau kilichomo ndani. Sanduku gumu lenye nafasi tupu hugeuka nyundo, kwani kifaa hujigonga kwenye kuta zake. Sponji ikatwe kwa umbo la kifaa, ibaki walau sentimeta mbili au tatu kila upande, chini na juu pia. Sponji ya godoro hufaa kwa vitu vyepesi lakini hunyonya maji. Kwa mizani, sponji nzito isiyonyonya maji, ya aina ile ya soli za ndala, ni bora zaidi. Sahani ya mizani ya kielektroniki ing'olewe kama inatoka, ili uzito usikalie kihisio chake safarini.

Vilevile kifaa chenye unyevu kisifungiwe. Sanduku linalozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka, na kutu huanza.

Si kila kitu kinastahili sanduku la bei kubwa. Bomba la moshi, glovu na visu vya kuvunia vinaweza kusafiri kwenye gunia. Mizani, kipima maji, simu ya miamala na betri ndivyo vya kufikiriwa kwanza. Kikundi kisichomudu sanduku kinaweza kutumia ndoo kubwa ya rangi iliyooshwa, yenye kifuniko kinachobana na sponji ndani. Ndoo hiyo isitumike kamwe kwa asali. Dumu lililobeba viuatilifu lisitumike kwa kazi yoyote.

Hesabu ya kuamua ni rahisi. Bei ya sanduku ilinganishwe na bei ya kifaa pamoja na hasara ya msimu mmoja wa kuuza bila kifaa hicho. Katika mfano wa hapo juu, sanduku la Sh 150,000 lingekuwa limelipa gharama yake kwa mauzo ya siku moja.

Hata hivyo sanduku haliifanyi mizani iwe sahihi. Mizani ya biashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na iliyofanyiwa matengenezo ihakikiwe upya kabla ya kutumika. Kabla ya msimu, kikundi kijaze sanduku mawe yenye uzito sawa na mizani yake pamoja na gazeti kavu, kilisafirishe hadi Itigi na kurudi, kisha kilifungue. Gazeti likiwa na vumbi, ni afadhali kujua hivyo kabla mizani haijawekwa ndani.