Nchi Isiyo na Dini na Watoto Wenye Dini



Ijumaa moja baada ya Sala, mzee mmoja wa hapa Kisesa alinishika mkono kando ya barabara kuu iendayo Musoma, akaniambia, "Maalim, nataka shauri lako kabla sijafanya jambo la hasira." Nikamwambia, "Sema, mzee wangu." Akanieleza kuwa bintiye wa darasa la tano, katika shule ambayo hapana haja kuitaja, aliulizwa katika kipindi cha dini, Yesu ni nani. Mtoto akajibu kama alivyofunzwa chuoni: kwamba yeye ni Nabii Isa, mwana wa Maryam, mjumbe wa Mwenyezi Mungu. Wenziwe wakamcheka, na mwalimu wa dini akamwamuru akae chini, wala asirudie maneno yale. Baba mtu akakusudia kumwondoa mtoto shuleni siku ile ile. Kisha akaongeza neno lililonikaa moyoni: "Si wameandika wenyewe kuwa nchi hii haina dini? Basi nchi isiyo na dini itamlinda vipi mwenye dini?"

Swali hili si la mzee huyu peke yake. Walio wengi miongoni mwetu wasikiapo kuwa Katiba ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 3, yaita Jamhuri yetu nchi isiyokuwa na dini, hudhani kuwa maana yake ni nchi ya makafiri, au nchi inayochukia ibada. La, sivyo. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na kuitangaza dini yake, na yaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo kisichokuwa na dini ni serikali. Raia wanazo dini zao. Ni kama mizani ya sokoni: haili samaki wala haili mchele, na kwa sababu hiyo twaiamini.

Tena tukumbuke historia. Wadachi walipofungua shule ya serikali kule Tanga katika miaka ya 1890, haikuwa shule ya kubatiza watoto. Ndiyo sababu wazee wa Kiislamu wa pwani walithubutu kuwapeleka wana wao, na humo wakatoka makarani na maakida. Walakini huku bara mambo yalikuwa mengine. Wamisionari wa Kikatoliki walikwisha kufika Bukumbi mwaka 1883, na chini ya Waingereza sehemu kubwa ya elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, zikisaidiwa kwa fedha za serikali. Baba Muislamu alikuwa na njia mbili, zote chungu: ama ampeleke mwanawe akahofia kurudishiwa mwenye jina jingine, ama amzuie akae bila elimu. Wengi walizuia, na hasara yake twaiona hata leo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyozitia shule nyingi za misheni katika mikono ya serikali, ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Basi, ndugu zangu, serikali isiyo na dini imetufaa sisi kuliko wengine. Anayeitukana asahau kwanza alikosomea mwanawe.

Sisemi kuwa mizani hii haijapata kuinama. Mkataba wa mwaka 1992 baina ya Serikali na makanisa juu ya elimu na afya umewanung'unisha Waislamu wengi, na manung'uniko yao yastahili kusikilizwa. Lakini mizani ikiinama hunyoshwa, haitupwi ziwani.

Ama kwa uhuru wa kusema, iko kesi ambayo kila nyumba ya Kiislamu yafaa iijue. Mhubiri mmoja wa Morogoro, Hamisi Rajabu Dibagula, alishtakiwa kwa kusema hadharani kuwa Yesu si Mungu, ikadaiwa kuwa amekusudia kuumiza hisia za Wakristo. Mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Rufaa ilipofika Mahakama ya Rufani, mwaka 2003 hatia ile ilifutwa, kwani mtu kusema lile ambalo dini yake yamfundisha si dalili tosha kuwa amekusudia kuwaumiza wenziwe. Ikiwa mtu mzima katika mkutano wa hadhara ana haki hiyo, sembuse mtoto aliyeulizwa darasani, akajibu kwa adabu?

Lakini haki hii ina upande wa pili, nao ndio mzito kwetu. Mkristo naye ana haki ya kusema kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu, nasi tukaisikia kauli hiyo bila kushika mawe. Kurani tukufu, katika Sura ya al-An'am aya ya 108, imetukataza hata kuyatukana yale yanayoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Na katika Sura ya al-Baqara aya ya 256 imeondoa kulazimishana katika dini. Je, vijana wetu wanaopanda jukwaani na vipaza sauti, wakawakejeli mapadri mpaka usiku, wamezisoma aya hizo? Hapa kwetu kanda ya Ziwa tumeona mwisho wa uchochezi. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa ulimtoa roho mchungaji mmoja. Damu ile haikuongeza Muislamu hata mmoja.

Tutazame na kwa wenzetu. Ufaransa ilitenga dini na serikali kwa sheria ya mwaka 1905, kisha mwaka 2004 ikawakataza wasichana kuvaa hijabu katika shule za serikali. Huko serikali isiyo na dini imeingia mpaka kichwani mwa mtoto. Kenya, wasichana wa shule moja ya Isiolo inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti walipewa na Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ruhusa ya kuvaa hijabu, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019. Kwa hiyo neno ni moja, na matumizi yake ni mengi. Yatupasa kujua ni lipi tunalolitaka: serikali isiyopendelea dini yo yote, wala si serikali inayoifukuza dini. Na tulitake kwa wote. Hapa Kisesa, jirani na Bujora ya Wakatoliki, sisi tu wachache. Unguja na Pemba sisi ndio wengi. Haki tunayoidai hapa kwa binti wa mzee huyu, tuidai kule kwa mtoto wa Kikristo aliye peke yake darasani. Asiyefanya hivyo hadai haki, adai zamu yake ya kudhulumu.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Jumatatu tulikwenda pamoja shuleni. Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima, akasikitika kwa yaliyotokea, akaahidi kusema na mwalimu yule. Kisha akatufungulia ratiba ya masomo, akasema: "Wazee wangu, kipindi cha dini kimo kila juma, na kila dini yaruhusiwa kuleta mwalimu wake. Wakristo huleta. Wa kwenu sijamwona tangu nifike. Watoto wenu ningewaweka wapi, kama si pamoja na wenziwao?"

Wallahi, niliona haya. Tulikuja kushtaki, tukatoka tumeshtakiwa. Mlango ulikuwa wazi miaka yote, nasi tulikaa nje tukilalamika kuwa umefungwa.

Basi mzee hakumwondoa binti yake. Vijana wawili wa msikitini wamekubali kwenda kwa zamu kufundisha, na sisi wengine tumechanga nauli zao. Nawe msomaji, popote ulipo, usingoje mwanao aje nyumbani analia. Nenda shuleni kwake juma hili, uulize kipindi cha dini ni siku gani na nani amfundishaye. Mfunze mtoto kusema itikadi yake bila hofu, na umfunze vile vile kumsikiliza mwenzake bila dharau. Hayo mawili hayatengani.

Wabillahi tawfiq.