Laini ya jirani, pesa yetu

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Zambia inakata kodi kidogo kila mtu anapomtumia mwenzake pesa kwa simu, na anayekatwa ni mtumaji. Sisi vijana wa Kenani hatulii juu ya hizo ngwee. Makato ya kutoa pesa kibandani ndiyo yanauma zaidi. Shida yetu ni jina. Wengi tunauza samaki na mihogo kwa laini iliyoandikishwa kwa jina la jirani. Siku watu wa kodi wakiuliza hizi pesa ni za nani, jirani atajibu nini? Na siye tukitaka mkopo, tutaonyesha mauzo gani? Viongozi wetu, waiteni watu wa kampuni za simu waje watuandikishe hapa hapa, kila muuzaji kwa jina lake.