Busha haliulizwi

Asilimia peke yake haitoshi. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilipata watu wenye ulemavu asilimia 9.3, ya 2022 ikapata 11.2, kwa wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Je, wameongezeka, au kilichobadilika ni namna ya kuwauliza?

Siku hizi tafiti nyingi hutumia maswali 6 ya Kundi la Washington kuhusu ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Ni bora mara nyingi kuliko kubisha hodi na kuuliza "humu mna mlemavu?", swali linalofunga watu midomo. Lakini huku kwetu Mafia, ambako ugawaji wa dawa za kukinga matende na mabusha nchini ulianzia mwaka 2000, baba yangu mdogo ana busha la miaka mingi. Kutembea anatembea, basi karani wa utafiti mmoja akaandika hana shida. Kuvuta nyavu hawezi tena. Harusini haendi, na msikitini anajikalia safu ya nyuma kabisa. Swali lipi kati ya yale 6 linamfikia?

Tena hakuulizwa yeye. Alijibu mkewe, ukumbini, mkwe wao akisikia. Nani angelitaja busha pale?

Nawaomba watafiti wamhoji mhusika mwenyewe, faraghani, na waongeze swali moja tu: kazi gani uliyokuwa ukiifanya ambayo sasa mwili umekukatalia?