Bei ya Kidonge na Gharama ya Dawa

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza, tarehe 1 Machi 2024, kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa unazozilipia pamoja na bei zake, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, na mabishano yaliyofuata yakaendeshwa kana kwamba gharama ya dawa ni bei ya kidonge tu. Kwa mgonjwa wa moyo wa Karatu, na zaidi wa Ngorongoro, dhana hiyo ni potofu.

Amlodipini inatosha kulidhihirisha hilo. Dawa hii hulegeza kuta za mishipa ya damu kwa kuzuia kalsiamu isiingie kwa wingi katika seli za misuli yake, nayo hutumika kushusha shinikizo la juu la damu, ambalo wengi huliita presha, na kutuliza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Hataza ya kampuni ya Pfizer, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza, ilikoma nchini Marekani mwaka 2007, na leo viwanda vingi, vikiwemo vya India, huitengeneza kwa gharama ndogo. Ni kweli kwamba bei hupanda shilingi inaposhuka mbele ya dola, kwa kuwa Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya dawa zake. Ni kweli pia kwamba hospitali binafsi zina mishahara ya kulipa na kwamba Mfuko hauwezi kutumia kuliko michango unayokusanya. Hoja hizo zina mashiko, ila zaidi Dar es Salaam kuliko Endulen, huko Ngorongoro.

Ngorongoro ilikwisha kutoa somo hili hadharani mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe, ambacho uwezo wake wa kuponya haukuthibitishwa, kiliuzwa shilingi 500. Kilichowagharimu watu ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotelea kwenye foleni ya magari. Mgonjwa wa presha wa leo yumo katika hesabu ileile, isipokuwa yeye huirudia kila mwezi. Lami itokayo Makuyuni huishia lango la Lodoare, la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro, na wanaoishi ng'ambo ya lango hilo, wengi wao wafugaji wanaohama kufuata malisho, huifuata hospitali ya Endulen au ya Wasso kwa vumbi na kwa miguu. Anayepewa vidonge vya siku 30 atafunga safari 12 kwa mwaka, na akikuta dawa imekwisha, atanunua duka binafsi kwa bei atakayotajiwa au ataacha kuimeza, jambo linalomkaribisha kiharusi.

Linaloudhi ni kwamba suluhisho limekwisha kujaribiwa humu humu nchini, kwani mtu anayeishi na VVU, hali yake ikiwa imetulia, hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine za miezi sita, kwa mkupuo mmoja. Kama anaaminiwa kuzitunza nyumbani dawa hizo, ni kwa msingi gani mzee wa Endulen asiaminiwe kutunza amlodipini? Husemwa kwamba presha yake sharti ipimwe mara kwa mara, na ndivyo inavyopaswa, lakini mashine ya kupimia yaweza kuwekwa katika zahanati ya kijiji, na aliyetulia hahitaji daktari kila mwezi. Husemwa tena kwamba akiba ya dawa itakwisha, hoja isiyostahili hata heshima ya kujibiwa kwa urefu: anayemeza kidonge kimoja kwa siku humaliza vidonge 365 kwa mwaka, vitolewe kwa awamu 12 au kwa awamu mbili, na kama Bohari ya Dawa (MSD) na vituo inavyovihudumia haviwezi kupanga oda ya miezi sita ya dawa rahisi kama hii, basi kasoro hiyo ni ya ghala, na hakuna haki yoyote ya kumtoza mfugaji nauli kwa ajili yake.