Corona ilifunga geti la gereza, barua ikapita

Leo tuzungumzie watu ambao huwa tunawakumbuka siku ya msamaha wa Rais tu: wafungwa na mahabusu. Corona imeshapita, WHO walitangaza Mei 2023 kwamba siyo dharura ya dunia tena. Lakini kuna somo tumeliacha njiani.

Nianze na la kwangu. Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha nne, shule zimefungwa tangu Machi, nipo tu nyumbani Kibosho. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mahabusu kwenye gereza moja la kanda hii ya Kaskazini, jina tuliache. Kabla ya kesi alikuwa mgumu, anabeba mizigo ya watalii mlimani. Mama mkubwa akapika kiburu, tukashuka na Hiace hadi mjini, tukaunga basi. Kufika getini tunaambiwa kuona ndugu kumesimama, ni Corona. Tukarudi na kiburu chetu. Njia nzima mama mkubwa hakusema neno.

Sasa tuwe wakweli, amri yenyewe ilikuwa na sababu. Magereza yetu yalijengwa kwa watu 29,902, na waliomo kwa miaka mingi walizidi hapo. Watu wanalala wamebanana, utawaambia wakae mita moja kweli? Kirusi kikiingia kimeingia. Wakenya nao walisimamisha kutembelea magereza Machi hiyo hiyo. Uganda Rais Museveni akasamehe 833 mwezi Aprili kupunguza msongamano. Hapa kwetu Aprili 26, 2020, Sikukuu ya Muungano, Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 3,973.

Mama mkubwa alisikia redioni akapiga vigelegele. Ikabidi nimwambie: mama, huo haumhusu. Msamaha wa Rais upo ibara ya 45 ya Katiba, na ni wa mtu aliyekwisha kupatikana na hatia. Mahabusu hajahukumiwa, atasamehewa nini? Yaani aliyetiwa hatiani anaweza kutoka, ambaye bado hajatiwa hatiani anabaki. Na ndugu zake hawamwoni.

Mwezi Mei bibi yetu akafariki, tukamzika kihambani. Wazee wakasema kaka asiambiwe, atachanganyikiwa. Mimi nikaona hapana. Nikachana karatasi ya daftari nikamwandikia: bibi ametangulia, tumemzika karibu na babu, migomba yako naipalilia mimi, mama mzima, tunakusubiri. Basi. Nikatuma posta. Askari watasoma? Wasome, ndiyo utaratibu, hakuna siri pale.

Baada ya wiki kama tatu likaja jibu. Kaka anasema asante kwa kuniambia ukweli, nilidhani mmenitupa. Halafu akaongeza kitu ambacho mpaka leo kinanikaa: barua yako tumeisoma chumba kizima, kuna wenzangu hawajawahi kupata hata moja.

Jamani! Chumba kizima wanasoma habari za migomba ya watu wasiowajua.

Ndiyo maana nasema barua siyo jambo dogo. Mandela kule Robben Island mwanzoni aliruhusiwa barua moja tu kwa miezi sita. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zilizopewa jina lake, zinasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia yake, kwa barua na kwa kutembelewa. Ugonjwa unaweza kuzuia kutembelewa. Barua unaizuia kwa lipi?

Hoja zangu ni tatu. Kwanza, ugonjwa mwingine ukija, siku geti linapofungwa kila gereza liwe na sanduku la barua na simu moja ya ofisi ya kupokea salamu. Haihitaji bajeti ya Bunge. Pili, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama, mkishapeleka sabuni wekeni na karatasi na kalamu. Tatu, sisi ndugu tuache aibu. Hapa Uchaggani mtu akiingia ndani jina lake halitajwi hata kwenye sherehe ya Krismasi. Mimi mwenyewe kabla ya siku ile nilikuwa sijamwandikia hata mstari.

Na ukiandika usihubiri, usimuulize kesi. Mwambie mvua imenyesha, nani kaoa, ng'ombe kazaa. Mtu wa ndani anataka kujua bado ana kwao.

Kaka alitoka 2021, kesi ilifutwa. Ile karatasi alirudi nayo, imechakaa kwenye mikunjo.

Ni hayo kwa leo. Mwenye ndugu ndani aseme hapo chini wao walifanyaje. Na anayeona nimekosea anipinge, ruksa.